Mpagaa Mizoga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wachezaji na wasimulizi (wale wanaoendesha mchezo) wanaotumia fani ya Mpagaa Mizoga katika Dungeons & Dragons toleo la 5, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu. Fani hii haimo kwenye vitabu rasmi, ni ya kutungwa. Namba za madubwana na za uchawi ni za kanuni za 2014, zile zilizowekwa wazi kwa leseni ya Creative Commons Januari 2023. Mwenye vitabu vya 2024 atakuta namba kadhaa zimesogea. Atumie za mezani kwake. Majina ya madubwana na ya uchawi tumeyaacha kama yalivyo vitabuni ili iwe rahisi kuyatafuta.

Mpagaa Mizoga ni nani hasa?

Ni mhusika anayeuacha mwili wake umelala, akaingia ndani ya mzoga wa dubwana, akausimamisha, akautembeza na kupigana nao. Hafufui kitu. Dubwana limekufa na litabaki limekufa. Kinachotembea ni nyama na mifupa yake, ila ndani kuna mtu mwingine. Ukishika hilo, nusu ya maswali ya hapa chini utayajibu mwenyewe: mambo ya nyama unayapata, mambo ya uhai huyapati.

Kwa nini mzoga unaitwa "kiti"?

Pwani, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo hupanda, husema kwa kinywa cha kiti chake, kisha hushuka mwenyewe au hupungwa. Maneno ya kazi hii yalikuwapo tayari: kiti ni mzoga unaovaliwa, kupanda ni kuingia, kushuka ni kutoka kwa hiari, kupungwa ni kutolewa kwa nguvu. Tumechukua maneno tu, mambo ya ngoma na ubani hayamo. Kama mezani yupo ambaye msamiati huu unamkera kwa sababu za dini au za nyumbani kwao, semeni "vazi", hakuna namba itakayobadilika.

Na tafadhali msiandike "Mpagazi". Huyo ni mbeba mizigo, ingawa ukiona mkokoteni tunaouzungumzia hapo chini utasema jina lilimfaa.

Naanza na namba zipi?

Dadu ya uhai ni d8, yaani ya pande 8; 2d8 ni dadu mbili za namna hiyo. Ustadi wa kujiokoa (kurusha dadu ili kukwepa madhara) ni wa Ustahimilivu na Haiba. Unajua silaha za kawaida na mavazi mepesi ya vita. Unaanza na mfuko wa mshono: shazia mbili, uzi wa katani, kisu cha kuchunia, koleo ndogo na chumvi. Mfuko una matumizi 10, uzito pauni 3, na mpya unauzwa vipande 5 vya dhahabu, sawa na mfuko wa mganga ulioko kitabuni.

Pointi zako kubwa weka kwenye Haiba, kisha Ustahimilivu. Wengi huitupa Wepesi hadi 8 kwa hoja kwamba mzoga utakuja na wepesi wake. Hoja ni ya kweli mpaka siku adui anapokifuata kile kinachokoroma nyuma ya mkokoteni.

Kupanda hufanyikaje, hatua kwa hatua?

1. Subiri dakika 1 kamili tangu dubwana life. Kabla ya hapo mwenye nyumba hajatoka. Ndiyo dakika ileile ambayo uchawi wa Revivify bado unafanya kazi.
2. Andaa kiti kwa dakika 10: toa mishale, shona majeraha makubwa, safisha kinywa na pua. Hapa unatumia mfuko wa mshono mara 1.
3. Uweke mwili wako mahali utakapolala. Ukisahau, utaanguka palepale ulipo, na kama uko ukingoni mwa daraja hilo ni tatizo lako.
4. Weka kiganja kitupu juu ya mzoga, tumia tendo 1, rusha d20, ongeza nyongeza ya Haiba na nyongeza ya ustadi (proficiency bonus). Unatakiwa kufikia 10 jumlisha ugumu wa dubwana (kitabuni ni challenge rating). Ugumu ulio chini ya 1 uhesabu kama 0.
5. Ukifaulu, macho ya kiti yanafunguka na zamu yako inaendelea. Ukishindwa unapata madhara ya akili 1d6, na mzoga huo hauugusi tena mpaka upumzike pumziko refu.

Unaweza kupanda mara nyingi kama nyongeza yako ya ustadi kati ya pumziko refu moja na jingine, na kila mara unakaa ndani kwa saa zisizozidi levo yako. Kushuka ni tendo dogo.

Kosa linalorudiwa zaidi ni la hatua ya 2. Mtu ana haraka, anaruka maandalizi, anaomba arushe dadu hivyo hivyo. Kanuni inamruhusu, lakini namba ya kufikia inapanda kwa 5 na kiti kinaanza na nusu ya uhai ambao kingeanza nao.

Ni mizoga gani ninayoruhusiwa?

Ugumu wa dubwana usizidi nusu ya levo yako. Levo ya 1 ni ugumu wa 1/2, kwa mfano worg. Levo ya 2 unafikia 1, buibui mkubwa na dubu wa kahawia. Levo ya 4 unapata ogre, ya 6 owlbear na manticore, ya 10 troll. Levo ya 20 unaishia ugumu wa 10.

Lazima liwe lilikuwa hai na lina nyama. Madubwana ya ute kama gelatinous cube yanakataliwa, hata kama uhai wake wa 84 unatia tamaa; likifa hakuna mzoga, kuna dimbwi. Sanamu zinazotembea, viumbe vya moto na upepo, na wafu watembeao hawapandwi. Kichwa kikiwa kimekatika, hakuna kiti.

Na mizoga ya watu?

Mtu hana mzoga, ana maiti, na maiti ina wenyewe. Kanuni ya msingi inakataa kundi lote la humanoid, yaani viumbe wa umbo la mtu. Angalieni kwamba kwa namba za 2014 goblin na orc wamo humo, kwa hiyo nao hawapandwi. Ogre ni wa kundi la majitu, anaruhusiwa. Meza ikitaka kulegeza hili iongee kabla ya kampeni kuanza, si katikati ya kikao wakati mtu ameshamshika marehemu mkono.

Kiti kinaanza na uhai kiasi gani?

Inategemea pigo lililolifikisha dubwana sifuri. Pigo hilo moja tu ndilo linalohesabiwa. Chukua uhai wa kawaida ulioandikwa kitabuni, ugawe, kisha punguza kwenda chini.

Likiuawa kwa sumu, kwa kukosa hewa au kwa madhara ya akili, mzoga ni safi na unapata robo tatu. Kwa upanga, mshale, rungu au meno, unapata nusu. Kwa moto, tindikali, radi au uchawi unaonyausha nyama, unapata robo, na Kinga (namba ambayo pigo la adui lazima liifikie ili lipate) inashuka kwa 2 kwa sababu ngozi imeharibika.

Tumchukue owlbear, yule dubu mwenye kichwa cha bundi, mwenye uhai 59. Akifa kwa sumu unavaa 44. Akifa kwa shoka, 29. Mchawi wenu akimmalizia kwa moto, 14. Dubwana ni lilelile na pambano ni lilelile, tofauti ni nani aliyepiga la mwisho. Ndiyo maana kundi lenye Mpagaa hupanga mapema nani amalize. Mchawi apige moto mwanzoni anavyotaka. Uhai ukikaribia kuisha amwachie mwenye shoka.

Troll hufa kwa moto au tindikali. Ina maana kila mara nitapata robo?

Hapana, ila wengi huipata robo kwa kutosoma vizuri. Troll hujirudishia uhai 10 mwanzoni mwa kila zamu yake. Akipata madhara ya moto au tindikali, hajirudishii kwenye zamu inayofuata. Na hufa pale tu anapoanza zamu akiwa na sifuri na hawezi kujirudishia. Kwa hiyo yako mambo mawili tofauti: kumfikisha sifuri, na kuzuia asiinuke.

Mfikisheni sifuri kwa panga. Kabla zamu yake haijafika, mtu mmoja ampige kwa mwenge unaowaka. Mwenge ukipata hutoa madhara ya moto 1, na hiyo 1 inatosha. Zamu yake inafika, hajirudishii, amekufa. Pigo lililomfikisha sifuri lilikuwa la upanga, basi kati ya 84 unapata 42 badala ya 21, na ngozi yake yenye Kinga 15 inabaki nzima.

Ukiwa ndani ya troll, hujirudishii uhai. Kujirudishia ni kazi ya mwili ulio hai. Swali hili huja kila wiki na jibu halijawahi kubadilika.

Nipeni mfano mmoja kamili.

Levo ya 6, Haiba 18 (nyongeza yake ni 4), nyongeza ya ustadi 3, kwa hiyo unarusha d20 na kuongeza 7. Kundi limekutana na manticore: Kinga 14, uhai 68, ugumu 3, anaruka futi 50, na mkia una miiba 24.

Miiba hiyo ihesabuni tangu raundi ya kwanza. Akiwa hai huota upya baada ya pumziko refu. Kwenye mzoga haioti. Zamu moja ya kurusha hutumia 3. Akirusha zamu mbili kabla hajafa, inabaki 18, yaani zamu 6 kwako. Mkimwacha azunguke juu akirusha zamu nane, mnabaki na mkia mtupu. Hili ndilo pambano ambalo haraka ina faida ya moja kwa moja.

Jambo la pili ni urefu. Dubwana linaloruka likifika sifuri huanguka, na kanuni yetu inasema mzoga ulioanguka futi 30 au zaidi umevunjika mabawa: unatembea, hauruki. Ukimtungua manticore akiwa futi 60 juu, umepata simba mzito mwenye mkia wa miiba. Mvuteni ashuke kwanza. Mfungeni kwa utando au wavu, au mpeni chambo cha kula ardhini.

Tuseme ameshuka, amekufa kwa mshale, miiba 18 imebaki. Uhai wa kiti ni 34. Unasubiri dakika 1, unashona dakika 10, unarusha dadu: 9, jumla 16. Ulihitaji 13. Umeingia. Kwa kuwa umepita levo ya 5 unaruhusiwa mashambulizi yake yote ya zamu moja, kwa hiyo unang'ata mara moja na kucha mbili, au unarusha miiba mitatu, kila mmoja 1d8 jumlisha 3, hadi futi 100 bila tabu. Una saa 6, si zaidi.

Nabaki na nini changu, na nini ni cha mzoga?

Nguvu, Wepesi na Ustahimilivu ni vya mzoga. Akili, Busara na Haiba ni vyako. Mwendo, kuruka, kuogelea, kuona gizani, kunusa, kucha na meno ni vya mzoga. Kiti hakipumui na hakidhuriki kwa sumu. Pumzi ya joka, macho ya basilisk yanayogeuza watu mawe, uchawi wa kuzaliwa nao, na chochote kinachoitwa cha kihekaya, vilikwenda na mwenyewe.

Kinga isome kwa makini. Ogre ana Kinga 11, lakini kitabu kinasema ni kwa sababu amevaa ngozi. Mkimvua mkauza, mzoga una 9. Mwacheni na nguo zake, na rungu lake lisitupwe, maana ogre bila rungu anapiga ngumi tu.

Sumu ya buibui inafanya kazi?

Inafanya, kwa kuwa ipo kwenye tezi tayari, lakini haitengenezwi nyingine. Siku ya kwanza una dozi 3, ya pili 2, ya tatu 1, ya nne tezi zimeoza. Dozi inatumika pale tu jino linapopata. Kwa buibui mkubwa kila dozi ni 2d8, na aliyeng'atwa anajiokoa kwa Ustahimilivu dhidi ya 11 kupata nusu. Utando nao unarushwa mara 1 tu kwa mzoga mzima.

Mzoga unadumu siku ngapi?

Kumi, kisha ni mbolea. Kila siku kamili baada ya kifo, uhai wa juu wa kiti unapungua kwa 3 na namba ya kupanda inaongezeka kwa 1. Jangwani au kwenye joto kali, siku moja huhesabiwa mbili. Kuuvaa hakusimamishi kuoza.

Kuhifadhi kuna njia mbili, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni Gentle Repose, uchawi wa ngazi ya 2 wa kuhani na wa mchawi. Unazuia kuoza kwa siku 10 na unaweza kufanywa kama ibada bila kutumia nafasi ya uchawi. Unataka chumvi kidogo na sarafu moja ya shaba juu ya kila jicho la maiti, na sarafu zibaki hapo muda wote. Kila jicho maana yake ni kila jicho: buibui wenu akiwa na macho manane, toeni sarafu nane. Uchawi huohuo unazuia mwili usigeuke mfu atembeaye, na kiti kikivaliwa huhesabiwa kundi hilo. Kwa hiyo Gentle Repose ni ya ghalani. Ukitaka kupanda, toa sarafu, uchawi umekwisha, na saa inaanza kugonga tena. Wapo wanaojaribu kushona kope juu ya sarafu ili wavae huku wamehifadhi. Haikubaliki, na hata ingekubalika mngekuwa na kiti kipofu.

Ya pili ni chumvi, yaani kuugeuza mzoga ng'onda. Ianze ndani ya saa 12 tangu kifo, ni kazi ya saa 8, pauni 10 za chumvi kwa umbo la wastani na pauni 50 kwa umbo kubwa. Kitabu kinauza chumvi pauni 1 kwa shaba 5, kwa hiyo pauni 50 ni dhahabu 2 na fedha 5. Bei si kitu. Shida ni kuipata porini. Mzoga wa ng'onda unahesabiwa siku 1 kwa kila siku 5 za kalenda, ila unakakamaa: Wepesi unashuka kwa 2, sumu na utando vinakauka. Owlbear anavumilia chumvi vizuri, buibui ni hasara. Na usimvushe mtoni mzoga wa ng'onda, ukiloa unarudi kuoza kama kawaida.

Nitaubebaje?

Kwa urahisi wa hesabu tunachukua umbo la wastani kuwa pauni 200, kubwa pauni 1,000, na kubwa zaidi ya hapo haubebeki bila meli. Nyumbu wa mizigo hubeba pauni 420, na akivuta chombo cha magurudumu hufikia mara tano ya hizo, yaani 2,100, uzito wa chombo ukiwemo. Mkokoteni wa pauni 200 unakuachia 1,900: mzoga mmoja mkubwa, mifuko ya chumvi, na mwili wako mwenyewe. Nyumbu dhahabu 8, mkokoteni dhahabu 15. Ni matumizi bora ya dhahabu 23 za kwanza utakazozipata.

Harufu ya mzoga humtisha mnyama asiyeizoea. Mpeni nyumbu siku 3 za kuzoea, au mwenye ustadi wa wanyama aongoze kamba.

Mwili wangu wa asili uko salama?

Hapana. Uko katika hali ya kupoteza fahamu, na kitabu kinasema wazi maana yake: kila anayeushambulia ana nafuu, pigo la karibu likipata linahesabiwa pigo kuu, na kujiokoa kwa Nguvu au Wepesi unashindwa bila kurusha. Ukifika sifuri unavutwa kurudi ndani yake na kuanza kujiokoa na kifo.

Umbali kati yako na mwili usizidi futi 100 mpaka levo ya 9, kisha unakuwa maili 1. Ukizidi, unatolewa kwenye kiti papo hapo.

Wanaoanza hupenda kuufunga mwili mgongoni mwa owlbear. Ni picha nzuri kwa mchoro. Kisha adui anarusha Fireball, 8d6, wastani 28, juu ya eneo lenye upana wa futi 40. Owlbear wako wa 29 amebaki na 1, na mwili wako uliolala umepokea 28 zote kwa sababu hauwezi kukwepa. Uacheni mkokotenini, futi 80 nyuma, nyuma ya jiwe, na mtu mmoja akae karibu. Asiwe yule mwenye tabia ya kukimbilia hazina.

Kuhani wetu alipofukuza wafu, nami nikakimbia. Ni sawa?

Ni sawa kabisa. Turn Undead haichagui: kila mfu atembeaye aliye ndani ya futi 30 anayemwona au kumsikia kuhani lazima ajiokoe kwa Busara. Unatumia Busara yako, si ya mzoga. Ukishindwa unakimbia kwa dakika 1 au mpaka upate madhara. Kuanzia levo ya 5 ya kuhani kuna hatari zaidi: viti vya ugumu wa 1/2 au chini vikishindwa vinateketea, nawe umepungwa. Levo ya 8 yake inafikia ugumu wa 1, ya 11 ugumu wa 2.

Dawa ni kukaa mbali ya futi 30, au kukubaliana ishara ili ushuke kwanza. Kuziba masikio peke yake hakutoshi, maana kumwona kunatosha. Jueni pia kwamba paladini wa upande wa pili akikupiga kwa Divine Smite anaongeza 1d8 kwa kuwa wewe ni mfu, na Detect Evil and Good itakuonyesha hata ukijifanya dubu aliyelala.

Nikijeruhiwa nikiwa ndani, naponaje?

Cure Wounds haifanyi kazi kwa wafu watembeao. Unashonwa. Kuanzia levo ya 2, wakati wa pumziko fupi, wewe au mwenzako anatumia mfuko wa mshono mara 1 na kiti kinapata 1d8 jumlisha nyongeza ya Haiba yako. Mara 2 kwa siku kwa kila mzoga, baada ya hapo ngozi haishiki uzi.

Kiti kikifika sifuri?

Kinachanika na hakipandwi tena na yeyote. Unatupwa kwenye mwili wako popote ulipo. Madhara yaliyozidi hayakufuati, lakini unajiokoa kwa Haiba dhidi ya 10 au nusu ya pigo la mwisho, iliyo kubwa kati ya hizo. Ukishindwa unaduwaa mpaka mwisho wa zamu yako ijayo.

Naweza kusema? Naweza kufanya uchawi?

Kinywa cha ogre au jitu kinasema. Mdomo wa bundi na meno ya buibui havisemi. Kubalianeni ishara tano au sita kabla ya safari. Uchawi unaohitaji maneno hauwezekani pasipo kinywa cha kusemea, na ule wa vidole unahitaji vidole.

Hii si Wild Shape tu?

Druidi anageuka mnyama aliyewahi kumwona, bure, mara 2 kati ya mapumziko, na mwili wake unaingia humohumo. Wewe unahitaji mzoga halisi, mzuri, mbichi, na mwili wako uko nje. Badala yake unafikia madubwana ambayo yeye hayagusi. Magic Jar ni ya ngazi ya 6, inataka chombo cha dhahabu 500 na inaingia watu walio hai. Animate Dead inakupa mtumishi. Wewe hukai ndani yake.

Levo zinaleta nini zaidi?

Ya 5, mashambulizi yote ya dubwana kwa zamu. Kabla ya hapo ni shambulio moja tu. Ya 9, maili 1. Ya 11, kuruka kutoka kiti hadi kiti kilichoandaliwa ndani ya futi 30 bila kupitia mwilini kwako. Ya 14, unachagua kiungo kimoja cha mzoga kisichooza, na wengi huchagua tezi ya sumu.

Mimi ni msimulizi. Fani hii haitanivunjia mchezo?

Itakusumbua kama mizoga inapatikana kila kona. Hesabu yetu ni mzoga mmoja wa kufaa kwa kila kikao, na mzuri kabisa kila vikao vitatu. Udhibiti wako mkubwa si kukataa, ni mazingira: mvua, joto, njia isiyopita mkokoteni, mlango wa futi 4 ambao owlbear hapiti, askari wa lango wanaouliza kuna nini chini ya turubai. Adui mwenye akili aliyeshaona hila hii mara moja atachoma wafu wake, na hilo ni haki.

Usifanye jambo moja: kuifanya kila maiti iyeyuke au ilipuke. Mchezaji amechagua fani inayokula mizoga. Ukimnyima chakula amebaki na d8 na shazia.

Naweza kupagaa joka?

Kinda wa joka jeupe ana ugumu wa 2, kwa hiyo levo ya 4 inatosha: Kinga 16, uhai 32, yaani 16 kwa upanga. Joka jeupe changa lina ugumu wa 6, linataka levo ya 12: Kinga 17, uhai 133, unapata 66, mwendo wa kuruka futi 80, na uwezo wa kuhisi bila macho futi 30. Pumzi ya baridi haipo. Joka jeupe pevu lina ugumu wa 13, na hilo hutalivaa hata ukifika levo ya 20.

Joka changa ni umbo kubwa, linaingia mkokotenini mabawa yakikunjwa na kufungwa kamba. Yafungeni kabla mwili haujakakamaa. Mkichelewa mtalazimika kuyavunja, na joka lenye mabawa yaliyovunjwa ni mjusi wa pauni 1,000.